Ukiona maasi ufanyeje: kuanzia nafsi yako, jirani yako, mpaka kiongozi aliye juu yako

Assalaam alaykum ndugu zangu. Siku hizi klipu inatua kwenye grupu la wasapu usiku, mtu kaonekana kalewa harusini au kafumaniwa huko, na kabla hujamaliza kuitazama ishafowadiwa kwenye magrupu kibao, chini watu wanaandika "astaghfirullah, tukatazane mabaya jamani". Sasa tunamkataza nani wakati mwenyewe hata hayumo humo ndani? Kwa viongozi ndo usiseme, mtu anamtukana diwani kutwa nzima fesibuku ila ukimuuliza ulishawahi kwenda ofisini kwake anakwambia hapajui. Kwaiyo nimeona niandike hatua kwa hatua, kwa ninavyojua kutoka kwa masheikh wetu na hadithi zinazosomwa darsani kila siku. Mwenye swali lenye utata wake amfuate mwanachuoni wa mtaani kwake, hapa nafundisha mwendo tu.

Hatua ya kwanza: malizana na lako kwanza

Kuna hadithi ya sahaba Usama bin Zayd (r.a) iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) kaeleza mtu atakayetupwa motoni siku ya Kiyama, matumbo yake yamwagike nje, awe anazunguka nayo kama punda anavyozunguka na jiwe la kusagia, watu wa motoni wamzunguke wamuulize ewe fulani si wewe uliyekuwa ukituamrisha mema na kutukataza mabaya? Aseme nilikuwa nawaamrisha na silitendi, nawakataza na nalifanya mwenyewe. Inatisha wallahi.

Lakini usije ukaitumia kama kisingizio cha kunyamaza, eti mimi nina dhambi zangu siwezi kumkanya mtu, hilo wanachuoni wamelikataa, maana ingekuwa ni lazima uwe msafi ndo ukataze basi baada ya Mtume asingekataza mtu yeyote. Una wajibu wa aina mbili, kuacha wewe na kumkataza mwenzio, ukianguka kwenye mmoja mwingine haujafutika.

Tawba yenyewe mwanachuoni wa Kishafi Imam Nawawi kaipangia sharti 3: uache hio dhambi, ujute, uazimie kutorudia. Ikiwa ni haki ya mtu linaongezeka la 4, mrudishie haki yake. Hili la 4 ndo watu wengi wanaliruka, analia kwenye tahajjud na hela ya mwenzie ya mchezo bado anayo kwenye simu. Rudisha. Ukiona aibu kumtazama usoni mtumie, ila ifike. Alafu kuna rakaa 2 za tawba, hadithi yake kaipokea Ali kutoka kwa Abu Bakr (r.a), unatia udhu vizuri, unaswali rakaa 2, unamuomba Allah msamaha. Na lako usilitangaze. Mtume kasema umma wangu wote utasamehewa isipokuwa wanaodhihirisha, na akafafanua kuwa ni mtu kufanya jambo usiku Allah akamsitiri, asubuhi anaamka mwenyewe anahadithia jana nilifanya hivi na hivi. Zile stori za "enzi zangu nilikuwa mtu mbaya sana bana" na vicheko juu ziko karibu sana na hapo.

Hatua ya pili: hakikisha ni kosa kweli, na umeliona

Hapa pafupi ila panaokoa. Kuchungulia hairuhusiwi, Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana na kusengenyana kwenye aya moja hio hio. Kushika simu ya mtu na kupekua meseji zake ndo upelelezi wenyewe. Na klipu uliyofowadiwa haihesabiki kuwa umeona, hujui ni lini, hujui wapi, hujui kama imekatwa.

La pili, masuala ambayo maimamu wamekhitilafiana toka zamani usiyafanye munkari (ovu) wa kugombania msikitini. Mtu kasoma qunuti (ile dua ya kusimama) ya alfajiri kwa madhehebu ya Shafi, wewe husomi, bas, swalini. Suala la kufuata mwezi ulioandama nchini au popote duniani, mwezi wa kitaifa na wa kimataifa, huo nao kila mwaka tunagombana tukitaka kufunga na tukitaka kufungua, naupita haraka maana nikiuanza hatumalizi leo.

Hatua ya tatu: pima uwezo wako na matokeo

Hadithi ya Abu Said al-Khudri kila mtu anaijua: anayeona ovu aliondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake na huo ndio udhaifu wa mwisho wa imani. Kinachosahaulika ni kwamba mkono ni wa mwenye mamlaka ya pale mahali. Baba nyumbani kwake, mwenye duka dukani kwake, serikali kwenye nchi. Wewe uliyemkuta mtu anakula mchana wa Ramadhani stendi huna mkono pale, huenda ni msafiri, mgonjwa, au si Muislamu kabisa, na kumpiga kofi ni dhulma mpya umeizalisha wewe.

Mwanachuoni Ibnul Qayyim ana mpangilio mzuri sana wa matokeo. Ukikataza, ama ovu litaondoka lije jema, ama litapungua hata kama halijaisha, hizo mbili unaendelea. Ama litaondoka lije lingine sawa na lile, hapo tumia akili na ijtihadi (jitihada ya kupima mwenyewe). Ama litaondoka lije kubwa zaidi, hapo kukataza kwenyewe ni haramu. Kijana yuko kijiweni anacheza bao kutwa, ukimfukuza pale anaenda kwenye unga, muache na bao lake wakati unamtafutia shughuli ya kufanya.

Hatua ya nne: mfuate yeye mwenyewe, peke yake

Hii ndo hatua yenyewe na ndo tunayoikwepa, maana kupost ni rahisi kuliko kumtazama mtu machoni.

Angalia Mtume alivofanya na yule bedui aliyekojoa msikitini, hadithi ya Anas. Bedui kasimama kwenye kona anakojoa, masahaba wakamkemea, Mtume akasema msimkatize, muacheni. Akamuacha mpaka akamaliza. Alafu akamwita, akamwambia hii misikiti haifai kwa mkojo wala uchafu, hii ni ya kumtaja Allah, kuswali na kusoma Qur'an. Kisha akaagiza ndoo ya maji ikamwagwa pale. Tazama mpangilio wake, mtu hakuaibishwa, akafundishwa maneno machache yanayohusu jambo lile tu, na uchafu ukaoshwa. Sisi bedui huyo tungeshamrekodi laivu.

Na yule sahaba mlevi aliyekuwa akiletwa kuchapwa mara kwa mara, mmoja akamlaani, Mtume akasema msimlaani, naapa nijuavyo mimi anampenda Allah na Mtume wake. Huyu adhabu kapewa, hakuna aliyesema pombe ni sawa, ila heshima yake kama Muislamu imebaki.

Sasa kwa vitendo. Chagua wakati, usimvamie akiwa na wenzie, wala akiwa na njaa au hasira. Kama ni meseji, fupi. Kitu kama hiki:

"Assalaam alaykum kaka. Samahani kwa usumbufu. Lile la Ijumaa limenikaa rohoni, nikaona bora nikwambie mwenyewe. Sijamwambia mtu. Kama kuna kitu kinakusukuma huko niambie, tukae tuone tunafanyaje. Na mimi niombee dua."

Basi, tuma, usifuatishe na voisnoti ya dakika 15 yenye aya zote za moto. Na usimuulize kila siku umeacha umeacha, muache apumue, endelea kumsalimia kama zamani, na akiumwa nenda kamuone.

Kama ni mzee, anza na shikamoo, na la kumkanya usiliseme wewe, tafuta wa rika lake au sheikh anayemheshimu aseme naye. Kama ni mzazi wako soma Surat Maryam aya ya 42 mpaka 45 uone Ibrahim (a.s) anaongea na baba anayeabudu masanamu, kila sentensi anaanza "ewe baba yangu", mara 4 mfululizo, na ule ni ushirikina si sigara. Kama ni mwanamke basi mwanamke mwenzie ndo amfuate, dada yake, shangazi yake, au mwalimu wa madrasa. Nyie mnaoingia inboksi za mabinti msiowajua saa sita usiku kuwapa nasaha za hijabu, mnajijua wenyewe mnatafuta nini.

Hatua ya tano: ujue sitara inaishia wapi

Asili ni kusitiri. Sahaba Maiz alipokwenda kukiri zinaa, mwenzie Hazzal ndiye aliyemwambia aende kwa Mtume, na Mtume akamwambia Hazzal lau ungemsitiri kwa nguo yako ingekuwa kheri kwako. Hapo ni dhambi baina ya mtu na Mola wake.

Ila kuna watu wanalitumia neno sitara kufunika madhalimu. Mwalimu anayeingilia watoto, mtu anayepiga mkewe mpaka anavunja, mhazini aliyekula hela za msikiti, hapa kuna mdhulumiwa, na haki yake haifutwi na sitara yako. Nawawi kataja mambo 6 yanayoruhusu kumsema mtu, na la kwanza ni mwenye kudhulumiwa kupeleka mashtaka kwa mwenye uwezo, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na shari. Kwa mtoto usianze na kikao cha familia, nenda polisi dawati la jinsia na watoto, mpeleke mtoto hospitali siku hio hio na usimuogeshe wala kufua nguo zake. Wazee watakaokuja kusema tuyamalize nyumbani wajibu kwa adabu ila usiwasikilize.

Na anayedhihirisha maasi yake hadharani, huyo lile alilolidhihirisha unaweza kulisema kwamba ni baya, bila kuchimba aliyoyaficha.

Hatua ya sita: kiongozi

Hapa watu wamegawanyika pande mbili na kila upande una hadithi yake, nikae kidogo.

Hadithi ya Tamim ad-Dari, dini ni nasaha, wakauliza kwa nani, akataja Allah, Kitabu chake, Mtume wake, viongozi wa Waislamu na watu wao wa kawaida. Kwaiyo kumnasihi kiongozi ni dini na kumnyamazia kila kitu si ucha Mungu. Abu Bakr (r.a) siku aliyopewa ukhalifa kasema mwenyewe, nimetawalishwa juu yenu na si mbora wenu, nikifanya vizuri nisaidieni na nikikosea ninyoosheni.

Namna yake? Yule yule Usama bin Zayd aliyepokea hadithi ya punda, aliambiwa na watu huendi kumsemesha khalifa Uthman? Akajibu mnadhani simsemeshi mpaka niwasikilizishe nyie? Nimeshazungumza naye mimi na yeye, bila kufungua mlango ambao sitaki niwe wa kwanza kuufungua. Na mlango ulifunguliwa kweli, watu wakaanza kutangaza aibu za Uthman mijini, mwaka wa 35 Hijria wakamuua nyumbani kwake. Ipo pia hadithi ya sahaba Iyadh bin Ghanm iliyo kwenye kitabu cha Imam Ahmad, anayetaka kumnasihi mwenye mamlaka asiidhihirishe, amshike mkono wasogee faragha, akikubali ndio, asipokubali ametekeleza wajibu wake. Isnadi yake (mnyororo wa wapokezi) wengine wana maneno nayo na mwanachuoni wa hadithi Albani kaisahihisha.

Upande wa pili wanakuja na Marwan. Marwan, aliyekuwa gavana wa Madina, alitanguliza khutba kabla ya swala ya Idi, mtu akasimama pale pale akamwambia swala ni kabla ya khutba, na Abu Said akasema huyu ametekeleza lililo juu yake, ndipo akasoma hadithi ya mkono, ulimi na moyo. Na hadithi ya jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Zote ni hoja.

Mimi ninavoona hazigongani. Yule aliyesimama siku ya Marwan alikuwa mbele yake, ana kwa ana, kosa limefanyika hadharani muda ule ule, akasema neno moja la kielimu akakaa. Hakwenda sokoni kumchonganisha na watu. Na neno la haki limesemwa mbele ya mtawala, na mbele yake kunahitaji miguu yako ifike. Asli faragha, hadharani pawe na sababu na uwe na elimu ya hilo jambo, na kuchochea fujo kusiwepo kabisa.

Mfano ninaoupenda ni wa sahaba Hisham bin Hakim. Kapita Sham kakuta wakulima wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi, akasema nashuhudia nilimsikia Mtume akisema Allah atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Alafu hakuishia hapo, akaingia kwa amiri akamhadithia, na amiri akaamrisha waachiwe. Hadithi iko Muslim. Sentensi moja, mtu sahihi, ofisini kwake, na watu wametoka juani.

Wetu hapa viongozi wengine ni Waislamu wengine sio, haibadilishi adabu. Musa na Harun walitumwa kwa Firauni na wakaambiwa mwambieni neno laini, Taha aya ya 44. Diwani wako hawezi kuwa mbaya kuliko Firauni na wewe huwezi kuwa bora kuliko Musa.

Tuseme kuna grosari imefunguliwa ubavuni mwa madrasa, muziki unaanza asr watoto wakiwa kwenye juzuu. Msiende na mawe. Andikeni barua, na iandikwe kiofisi kama barua zote:

"Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. YAH: OMBI LA KUANGALIWA UPYA GROSARI ILIYO JIRANI NA MADRASA. Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi wakazi wa mtaa wako tunakuletea ombi hili kwa heshima. Tangu mwezi uliopita muziki hupigwa kuanzia saa kumi jioni, muda ambao watoto wanasoma. Tunaomba uitishe kikao baina yetu na mwenye biashara..."

Andika kinachopimika, saa, tarehe, hatua ngapi kutoka mlangoni. Matusi hapana, na "nyie serikali mnatuonea Waislamu" iache nyumbani, mwombe saini mama wa Kikristo wa nyumba ya pili maana kelele na yeye zinamnyima usingizi. Peleka nakala mbili, moja yako igongwe muhuri wa kupokelewa na uitunze. Kikao kikikwama panda kwa mtendaji wa kata, diwani, na afisa biashara wa halmashauri maana leseni za vileo zinatoka halmashauri, na kelele zinashughulikiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira pia. Zanzibar mnaanzia kwa sheha. Kenya kwa chifu na MCA (mwakilishi wa wadi), na kadhi msimpelekee hii, mahakama yake kwa katiba ya 2010 ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu.

Anayekwenda kuongea awe mmoja au wawili wanaojua kuongea. Mkienda ishirini mwenyekiti atasikia maandamano hata kama mmekuja na tasbihi. Mshukuruni kwa lile alilofanya kweli, kama ni mtaro kauchimba semeni mtaro, kisha ombi, kisha dua, muondoke. Mkitoka msipost picha "tumemwambia ukweli leo", mmeua kila kitu.

Hatua ya saba: asiposikia

Umefikisha, hajafanya. Fuatilia tena kwa njia zile zile, na kama sheria imekupa mlango wa mahakama au wa kura, tumia. Kama una hofu ya kweli ya kudhurika, Ibn Abbas imepokewa aliulizwa nimuamrishe kiongozi wangu mema? Akasema ukiogopa atakuua basi hapana, na ikiwa huna budi iwe baina yako na yeye. Moyo ukichukia umesalimika. Mtume katika hadithi ya Ummu Salama kaeleza viongozi mtakaoyajua mazuri yao na mkayachukia mabaya yao, anayechukia kaepukana, anayekataza kasalimika, mwenye tatizo ni anayeridhia na kufuata. Wakauliza tusiwapige vita? Akasema hapana, maadamu wanaswali.

Imam Ahmad kafungwa zaidi ya miaka 2 na kuchapwa mijeledi kwa sababu kakataa kusema Qur'an imeumbwa kama makhalifa walivyotaka. Ulipofika utawala wa al-Wathiq mafakihi wa Baghdad wakamjia wanataka kutoka kumpinga khalifa, akawakatalia, akawaambia chukieni kwa nyoyo zenu na msimwage damu. Na huyu ndiye mwenye makovu mgongoni.

Ila kutii nako kuna mpaka. Mtume alituma kikosi, kamanda wao akakasirika akawaamrisha wakusanye kuni wawashe moto waingie, wengine wakataka kuingia wengine wakasema tumemkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto. Habari zikamfika akasema lau wangeingia wasingetoka, utii ni katika wema tu. Kwaiyo bosi akikwambia ughushi risiti, au mkubwa akikwambia uweke jina la maiti kwenye orodha ya malipo, hilo moja unalikataa kwa adabu na mdomo wako mwenyewe, mengine yote ya kazi unaendelea kutii, kesho unafika saa yako ya kawaida, na kodi unalipa.